Toleo la Kumi na Moja

Kwenye meza yangu ya kujalidi, chumba cha nyuma, mahakama ya Kisumu,
Tolworth amelala kifudifudi, uti umekatika.
Mawakili humwita hivyo, kana kwamba bado yu hai:
"Tolworth anasemaje kuhusu ungamo?"
"Mtazame Tolworth, aya ya mia tatu na nne."
Naye alizikwa kwao zamani,
kaburi lake sidhani kama lina wa kulipalilia.

Mzee Jivraj, aliyenifunza sindano na uzi wa katani,
alinisimulia kwamba kitabu kilianza kama daftari.
Hakimu mwenye homa, kandili mezani,
akiandika asichotaka kusahau kati ya kesi na kesi:
kodi ya kibanda, ng'ombe wa wizi, pombe bila kibali,
viboko vingapi kwa mtu wa umri gani.
Kurasa sitini.

Halafu kikaanza kunenepa.
La nne lilitoka baada ya bendera kubadilishwa,
kazi ya wakili Ondisa, aliyelifuta neno "mzawa"
mara mia mbili na kumi na tisa; alihesabu.
Viboko akaviacha.
La saba tulilingoja miaka kumi na miwili.
Sheria zilipita mbio, sisi tukibandika vikaratasi,
kikaratasi juu ya kikaratasi, kwa gundi ya unga wa muhogo,
mpaka mende wa mahakama wakawa mabingwa wa ushahidi.
La tisa ni la Bi. Nafuna. Aling'oa sura nzima ya viboko,
akanitupia zile kurasa: "Zifungie samaki."

Sikuzifungia samaki.

Ila matoleo mengine, ndiyo, yalikwenda Kibuye kwa kilo.
Niliwahi kununua njugu zilizofungwa
katika utetezi wa mtu aliyerukwa na akili,
nikazila nikisoma, sikufika mwisho,
karatasi ilikuwa imechanwa pale alipokaribia kuachiwa.
Na la tano moja liliingia Kodiaga, halijulikani kwa mkono wa nani.
Mfungwa Rachier alilisoma miaka sita,
akaandika rufaa kwa kipande cha penseli, akatoka.
Kitabu kilirudi kwangu kwa matengenezo:
ukurasa wa kumtambua mshukiwa gizani
una alama ya dole gumba na tone la mchuzi.
Sikulisafisha.

Sasa hili la kumi na moja, kilo tatu na nusu.
Jioni tisa nimelilinganisha na lile daftari,
mstari kwa mstari, miwani imenichimba pua.
Nilitaka kujua kama mwenye jina bado yumo.
Hayumo. Kodi ya kibanda, hakuna. Kibali cha pombe, hakuna.
Hata alama zake za mkato zimefukuzwa.
Jina nje, dhahabu; ndani wapangaji wengine.

Isipokuwa aya ya kumi na saba, mstari mmoja,
haukuguswa na Ondisa, haukuguswa na Nafuna:
"Shaka ikibaki, ni mali ya mshtakiwa."

Babu Adhola alisimama mbele ya mkono ulioandika hivyo,
mwaka wa nzige, kwa kosa la kuiba kandili ya misheni.
Mkalimani alimfikishia neno moja tu: kumi.
Akalala kifudifudi.
Kandili ilionekana Pasaka, nyuma ya madhabahu,
na mafuta yake bado.
Alikuwa na shaka, babu, shaka tele,
nyumba nzima ya shaka. Hakurithishwa hata moja.

Nimekaa na mstari huo hadi chai ikapoa.
Wembe uko hapa, karibu na kidole.
Kisha nimetia uzi kwenye sindano,
nikapitisha mshono mbali kidogo, usiuguse.

Karani atakuja saa nane.
Kuna kesi ya kijana wa Nyalenda, simu iliyopotea.
Gundi bado mbichi.
Nimekiwekea tofali juu.